Kihisi cha mwelekeo: jinsi ya kujua tangi linavuja kabla halijakauka

Kwa mwaka mzima nilikuwa na kihisi kwenye tangi la maji hapa nyumbani, kandokando ya Kampala, na kilifanya kazi yake vizuri: maji yakifika lita 200, simu inalia. Alfajiri moja ililia, nikatoka na tochi, nikakuta boya la choo cha wageni limekwama na maji yamekuwa yakitiririka kwenye bakuli usiku kucha. Lita 600 na zaidi zilikuwa zimekwenda. Mfereji wa mtaa wetu ulikuwa mkavu tangu juzi yake, kwa hiyo asubuhi hiyo watoto walioga kwa maji ya madumu, tena ya kununua.

Kihisi hakikukosea. Nilikiuliza swali moja tu, kama maji yamefika 200, na kikanijibu. Swali nililopaswa kukiuliza ni hili: mbona maji yanashuka saa nane za usiku wakati watu wote wamelala? Home Assistant, programu ya kusimamia vihisi na vifaa vya nyumbani, ina kifaa kilichotengenezwa kwa swali la aina hiyo. Kinaitwa `trend`, nami nitakiita kihisi cha mwelekeo. (Najua wengi wanasema sensa. Kwangu sensa ni ile ya Mei 2024, watu wakipita nyumba kwa nyumba kutuhesabu.)

Mwongozo huu unachukulia kwamba tayari una Home Assistant, iwe kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi au laptopu ya zamani, na kwamba unaweza kufungua faili la `configuration.yaml`. Mfumo huu huendeshwa nyumbani kwako, kwa hiyo hesabu zote zitaendelea hata bando likiisha.

Kinavyofikiri

Kihisi cha mwelekeo hakipimi kitu chenyewe. Kinasoma namba za kihisi kingine, kinaziweka kwenye foleni pamoja na muda wake, kisha kinapitisha mstari mnyoofu katikati ya nukta hizo, ule mstari tuliochora sekondari kwenye karatasi ya grafu ili uzikaribie nukta zote. Mwinamo wa mstari ndio kasi ya mabadiliko. Kasi ikipita kiwango ulichoweka, kihisi kinasema `on`. Isipopita, kinasema `off`.

Mipangilio inayokipa akili ni minne.

`sample_duration` ni urefu wa dirisha, kwa sekunde: nukta za zamani kuliko hapo zinatupwa. `max_samples` ni idadi ya juu ya nukta kwenye foleni. `min_samples` ni idadi ya chini ya nukta kabla kihisi hakijathubutu kutoa jibu. `min_gradient` ni kasi yenyewe, nayo huhesabiwa kwa sekunde. Si kwa dakika wala kwa saa. Ukitaka lita 5 kwa saa, gawanya kwa 3600, upate 0.0014 hivi. Watu wengi huanguka hapa: wanaandika `5` na kihisi hakiamki maisha yake yote, kwa sababu kinasubiri tangi lijae kwa lita 5 kila sekunde.

Usipoandika chochote, `max_samples` inakuwa 2. Maana yake kihisi kinalinganisha kipimo cha mwisho na kilichotangulia, basi. Ngoja nikuonyeshe kwa nini hilo ni balaa.

Tangi langu ni la lita 1000, kipenyo chake mita 1.1. Sentimita moja ya kina ni kama lita 9.5. Kihisi cha mawimbi ya sauti, kinachopima umbali kwa mwangwi unaorudi kutoka juu ya maji, kinaweza kuyumba sentimita moja bila sababu yoyote, upepo tu au kiwimbi juu ya maji. Kikiyumba hivyo kati ya vipimo viwili vilivyopishana kwa dakika moja, hesabu itakwambia tangi linapoteza lita 570 kwa saa. Dakika inayofuata itakwambia linajaa kwa kasi ileile. Nukta mbili hazitoshi kwa kazi yoyote ya nyumbani niliyowahi kuijaribu.

Hatua ya kwanza: safisha kipimo kabla ya kutafuta mwelekeo

Ninatumia JSN-SR04T, kile kihisi cha mawimbi ya sauti chenye jicho lisiloingia maji, kimeunganishwa na bodi ndogo ya ESP32 inayoendeshwa na programu ya ESPHome, ambayo hutuma vipimo kwa Home Assistant. Mambo mawili ya uungaji. Kwanza, kihisi kikipewa volti 5, waya wake wa mwangwi unarudisha volti 5, na pini za ESP32 zinataka 3.3. Weka rezista ya kiloomu 1 kati ya waya huo na pini, na nyingine ya kiloomu 2 kutoka kwenye pini kwenda ardhi. Pili, kifaa hiki hakioni kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 20 hadi 25. Tangi likijaa hadi juu, kitaanza kusoma namba za ajabu. Mimi nilikata ndoo ya lita 20, nikaigeuza kuwa shingo juu ya mdomo wa tangi, na jicho sasa liko mita 1.30 kutoka chini.

```yaml
sensor:
  - platform: ultrasonic
    trigger_pin: GPIO5
    echo_pin: GPIO18
    name: "Tangi lita"
    update_interval: 12s
    unit_of_measurement: "L"
    accuracy_decimals: 1
    force_update: true
    filters:
      - median:
          window_size: 5
          send_every: 5
          send_first_at: 5
      - lambda: return (1.30 - x) * 950;
```

(Hayo ni ya faili la ESPHome, si la `configuration.yaml`.) Kihisi kinapima kila sekunde 12, kinachukua cha katikati kati ya vipimo vitano, kinatuma mara moja kwa dakika. Kipimo kimoja cha kichaa hakifiki popote. 950 ni lita kwa kila mita ya kina kwenye tangi langu. Lako pima kipenyo kwa mita, ukigawe kwa mbili, uzidishe kwa chenyewe, uzidishe kwa 3.14, kisha kwa 1000.

Usiuache mstari wa `force_update`. Kwa kawaida Home Assistant haitangazi kipimo kilichofanana na kilichopita, na kihisi cha mwelekeo kinaongeza nukta pale tu kinaposikia tangazo. Tangi likitulia, nukta zinaacha kuja, hesabu hairudiwi, na jibu la zamani linabaki limeganda pale pale. Nilipoteza wiki mbili nikilaumu fomula, kumbe foleni ilikuwa na nukta nne tu kwa saa tatu nzima.

Hatua ya pili: wiki moja ya kutazama tu

Usiweke kiwango bado. Acha kihisi kikusanye kwa siku saba. Home Assistant huhifadhi historia ya siku 10 hata kama hujagusa chochote, kwa hiyo wiki nzima utaiona. Fungua grafu ya usiku, saa tano hadi saa kumi na moja alfajiri, na uiangalie kwa makini.

Kwangu niliona kitu ambacho sikukitegemea. Kila usiku, hata usiku ambao nilifunga valvu kuu kwa makusudi, grafu ilishuka kidogo: lita moja, moja na ushee, kwa saa. Maji hayakuwa yakienda popote. Tangi ni jeusi, linashinda juani, na hewa iliyo ndani yake hupoa usiku. Mwendo wa sauti hupungua kama mita 0.6 kwa sekunde kwa kila digrii inayoshuka, kwa hiyo mwangwi unachelewa, na kihisi kinadhani maji yako mbali zaidi. Hewa ikipoa digrii 10 na maji yakiwa sentimita 60 kutoka kwenye jicho, kosa ni karibu sentimita nzima.

Kiwango chako lazima kiwe juu ya uongo wa namna hiyo. Ndiyo maana namba ya mtu mwingine haitakufaa, yangu ikiwemo. Tangi lililo chini ya mwembe halidanganyi kama langu.

Hatua ya tatu: andika kihisi

```yaml
binary_sensor:
  - platform: trend
    sensors:
      tangi_linavuja:
        friendly_name: "Tangi linavuja"
        entity_id: sensor.tangi_lita
        sample_duration: 10800
        max_samples: 200
        min_samples: 60
        min_gradient: -0.0014
      maji_yamerudi:
        friendly_name: "Maji yamerudi"
        entity_id: sensor.tangi_lita
        sample_duration: 600
        max_samples: 12
        min_samples: 6
        min_gradient: 0.03
```

Hakikisha jina la `entity_id` ni lile unaloliona kwenye mfumo wako, maana ESPHome mara nyingi huongeza jina la kifaa mbele yake. Kama hupendi mafaili, nenda `Settings`, kisha `Devices & services`, kisha `Helpers`, ukatengeneze `Trend` kwa kubonyeza. Mimi hupendelea faili kwa sababu naweza kulinakili kwenye flashi kabla kadi ya kumbukumbu haijaharibika.

Cha kwanza kinatazama saa tatu nzima na kinatafuta upungufu wa zaidi ya lita 5 kwa saa. Alama ya kutoa mbele ya namba ndiyo inayosema "kushuka". Utakuta pia chaguo la `invert`, na wengi hulitumia kutafuta kushuka. Lina mtego: linageuza jibu zima. Lililokuwa "hapana" linakuwa "ndiyo", na tangi lililotulia tuli nalo linaingia humo. Andika namba hasi, `invert` iache.

Cha pili ndicho mama watoto anachokipenda. Kinatazama dakika kumi tu na kinatafuta tangi linalojaa kwa zaidi ya lita 108 kwa saa. Maji ya mfereji yakirudi, ndani ya dakika chache simu inajua, na nguo zinaingia kwenye beseni kabla mtaa mzima haujafungua mabomba. Dirisha fupi linafaa hapa kwa sababu badiliko ni kubwa. Badiliko likiwa dogo, huna njia isipokuwa kurefusha dirisha.

Angalia dirisha na foleni visigombane. Vipimo vya kila dakika kwa saa tatu ni 180. Kama `max_samples` ningeiweka 20, foleni ingejaa ndani ya dakika 20, na hizo 10800 zingekuwa pambo.

Hatua ya nne: lini kihisi kisikilizwe

Mchana "Tangi linavuja" itakuwa `on` karibu wakati wote. Watu wanapika, wanafua, wanamwagilia sukuma. Kwa hiyo tunakiuliza usiku tu, kwa otomesheni, yaani amri inayojiendesha yenyewe.

```yaml
automation:
  - alias: "Ukaguzi wa tangi usiku"
    triggers:
      - trigger: time
        at: "02:30:00"
      - trigger: time
        at: "05:00:00"
    conditions:
      - condition: state
        entity_id: binary_sensor.tangi_linavuja
        state: "on"
      - condition: template
        value_template: >
          {{ state_attr('binary_sensor.tangi_linavuja',
             'sample_count') | int(0) >= 150 }}
    actions:
      - action: notify.notify
        data:
          message: "Tangi linashuka na watu wamelala. Angalia vyoo."
```

Saa kwenye faili ni za kimataifa, tena mzunguko wa saa 24. Mara ya kwanza niliandika `08:30`, nikimaanisha saa nane na nusu ya usiku kama tunavyosema. Kwa siku tano mfululizo nilipata arifa ya uvujaji saa mbili na nusu asubuhi, nyumba nzima ikioga. Nilifungua valvu tatu na kuita fundi mmoja kabla sijagundua.

Kama mfumo wako ni wa kabla ya toleo la 2024.10, utaandika `trigger`, `condition` na `action` bila `s`, na ndani utatumia `platform` badala ya `trigger`, huku `action` ya arifa ikiwa `service` kwenye matoleo ya zamani zaidi.

Sharti la pili, la `sample_count`, niliongeza baada ya umeme kukatika usiku mmoja na kurudi. Kompyuta ikizima, foleni ya nukta hupotea, na kihisi huanza kukusanya upya. Jibu unaloliona dakika chache baadaye haliaminiki. Sharti hilo linadai nukta 150 kwanza, yaani saa mbili na nusu bila kukatika. Usiku wenye umeme wa kurukaruka hutapata ukaguzi wowote, na ni afadhali hivyo. Ukitaka zaidi, weka betri ndogo ya akiba kwa kompyuta na ruta.

Sasa mgeni akienda chooni usiku? Choo changu humeza kama lita 9 kwa mvuto mmoja. Ngazi kama hiyo ikitokea katikati ya dirisha la saa tatu, mstari unainama kwa 0.00125, ambayo haifiki 0.0014. Mvuto mmoja peke yake unapita salama, lakini ukijumlishwa na ule ushukaji wa uongo wa ubaridi, au ikiwa miwili, unaleta arifa. Ndiyo maana ninakagua mara mbili. Arifa ya saa nane na nusu peke yake naipuuza. Zikija zote mbili, nikiamka naanzia choo cha wageni. Simu yangu usiku iko kimya, kwa sababu lita 5 kwa saa hazibomoi nyumba, na sioni haja ya kukesha nazo.

Hatua ya tano: jaribu kwa maji halisi

Fungua bomba la nje lidondoke kwa uzi mwembamba, weka dumu la lita 20 chini yake, pima linajaa kwa muda gani. Likijaa kwa saa mbili, umetengeneza uvujaji wa lita 10 kwa saa. Fanya hivyo usiku mmoja, kisha fungua `Developer tools`, sehemu ya `States`, utafute kihisi chako. Pembeni yake utaona `gradient`, kasi ambayo kihisi kimeipata chenyewe. Zidisha kwa 3600. Kwangu ilitoka -11 na kitu: 10 za bomba, moja ya ubaridi wa tangi. Kama yako inatoka -40, kipenyo ulikipima vibaya au jicho la kihisi limeinama na linasoma ukuta.

Joto la vifaranga: mwelekeo na kiwango pamoja

Jirani yangu anafuga vifaranga kwenye chumba cha nyuma, joto likitoka kwa sigiri ya makaa. Wiki ya kwanza vifaranga wanataka digrii 32 hadi 35. Makaa hufa alfajiri, mtu akiwa usingizini kabisa. Kumwamsha digrii zikiwa 28 ni kumwamsha achelewe, maana kuwasha sigiri mpya na kuiacha imalize moshi nje kabla ya kuiingiza kunakula nusu saa.

Tuliweka DS18B20, kihisi cha joto, kwenye kimo cha kifaranga, si ukutani, ikisoma kila sekunde 30, na kihisi cha mwelekeo chenye dirisha la dakika 20 (`sample_duration: 1200`, `max_samples: 45`, `min_samples: 20`). Kasi ni -0.0008, karibu digrii 3 kwa saa kwenda chini.

Peke yake kilimsumbua sana. Kila akifungua mlango kuweka chakula, joto linashuka na simu inalia. Dawa ni kuunganisha masharti mawili kwenye otomesheni: kihisi cha mwelekeo kiwe `on`, na joto liwe chini ya 33. Chumba kikiwa na 35 kinaposhuka, hakuna haraka. Kikiwa na 32.5 na bado kinashuka, amka. Mwelekeo kwenye hesabu hii ndio unaomnunulia ile nusu saa ya makaa.

Kadiri vifaranga wanavyokua na joto kupunguzwa, kumbuka kushusha hiyo 33. Tulisahau wiki ya tatu, na jirani akachoka na simu hadi akaizima.

Mvua: usinakili mwongozo wa Ulaya

Wengi huanza na kipima mgandamizo wa hewa, wakitaka kujua mvua kabla ya kuanika nguo au kahawa. Miongozo ya huko inasema mgandamizo ukishuka, mvua inakuja. Hapa karibu na ikweta hewa ina mzunguko wake wa kila siku: mgandamizo hupanda hadi mnamo saa nne asubuhi, kisha hushuka hektopaskali mbili hadi nne mpaka saa kumi alasiri, jua liwake au mvua inyeshe. Kihisi chako kitatabiri mvua kila siku baada ya chakula cha mchana. Na usishtuke kipima kikisoma karibu 880 badala ya 1013. Kampala iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hakijaharibika.

Nilichofanya mimi ni kutumia joto la nje. Mawingu ya mvua za alasiri yakifika, upepo wa baridi hutangulia, na joto huporomoka digrii kadhaa ndani ya robo saa. Dirisha la dakika 10, kasi ya -0.003, na sharti la saa: baada ya saa sita mchana na kabla ya jua kuzama. Huwa napata dakika chache za kukimbilia kamba ya nguo. Siku nyingine upepo unapita bila tone, na nguo tumeshazitoa bure.

Betri ya sola nimeijaribu pia na sikuipenda. Volti hushuka ghafla mtu akichomeka pasi na kurudi akiichomoa, kwa hiyo mwelekeo wake hausemi lolote la maana. Kama kidhibiti chako cha sola kinatoa asilimia ya chaji, tumia hiyo, na dirisha lisipungue saa moja.